SV650S iliyovuliwa kava Mbeya: uchambuzi wa kisa kimoja

Pikipiki yenyewe ni Suzuki SV650S ya kizazi cha kwanza, ile ya kabureta iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1999. Mwenyewe ni bwana shamba kijana anayesambaza pembejeo. Kazi inamtoa Mbeya mjini kwenda Tukuyu, mara nyingine anateremka hadi Kyela, na msimu wa mbolea ukianza anapanda Chunya. Aliinunua ikiwa imeshatumika, na kava lake la mbele, lile la plastiki la kukinga upepo, usukani mfupi uliofungwa chini kwenye shokapu, na ule mkao wa kumlaza dereva juu ya tangi. Ikamtelezea kwenye matope Igawilo, ikalalia ubavu wa kulia. Injini haikuguswa, fremu ilikuwa sawa, rimu zilizunguka bila kuyumba. Kilichosambaratika ni kava, kioo chake, saitimira, na chuma chembamba kinachoshika taa na dashibodi.

Alipoileta gereji kwetu Mwanjelwa swali lake lilikuwa moja: "Fundi, kava jipya linapatikana?" Linapatikana, lakini ni la kuagiza nje, na ukishajumlisha usafiri na ushuru unalipia plastiki ambayo tope la masika linaweza kuivunja tena. Tukamshauri asinunue. Avue lililobaki lote, afunge usukani mpana na taa ya duara, awe na pikipiki ya wazi, injini na fremu zikionekana kama zilivyo kwenye Boxer na TVS za bodaboda.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu tatizo lililozuka baadaye lilimfanya mwenyewe aamini kwamba kuvua kava ndiko kulikoiharibu pikipiki. Haikuwa hivyo, na njia tuliyopita kulifikia jibu inaweza kumfaa yeyote mwenye pikipiki kubwa anayeishi na mvua ya Rungwe.

Wengine walishavua kava kabla yetu

Zamani pikipiki za barabarani karibu zote zilikuwa wazi. Honda CB750 ya mwaka 1969, yenye silinda nne, cc 736 na breki ya diski mbele, haikuwa na kava hata kidogo, na watu waliitumia kwa kila kitu: kwenda kazini, safari ndefu, hata mashindano. Miaka ya 1980 mambo yakageuka. Suzuki ilitoa GSX-R750 mwaka 1985, pikipiki ya barabarani yenye umbo la mashindano, na viwanda vingine vikaenda njia hiyo hiyo: kava kamili, usukani chini, vikanyagio juu na nyuma. Zilikimbia sana. Zikianguka, kava peke yake lilikuwa hasara kubwa, hivyo vijana wa Ulaya, hasa Uingereza, wakaanza kuzivua zilizoanguka, wakafunga usukani mpana na taa za duara, wakaendelea kuziendesha.

Viwanda vilikuwa vinaangalia. Mwaka 1992, kwenye maonyesho ya Cologne, Ducati ilileta Monster M900 iliyochorwa na Miguel Galluzzi: injini ya 900SS, fremu iliyotokana na ya 851, tangi, kiti, taa moja, basi. Triumph ikafuata na Speed Triple mwaka 1994. Kufikia mwisho wa muongo ule pikipiki ya wazi ilikuwa imerudi na heshima yake.

SV650 ilizaliwa humo, lakini kwa mtu mwenye mfuko wa kawaida. Injini ni silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V ya nyuzi 90, cc 645, pistoni ya kipenyo cha milimita 81 inayosafiri milimita 62.6. Nguvu ni takriban farasi 70, na uzito bila mafuta ni kilo 165 kwa ile ya wazi. V ya nyuzi 90 ina sifa moja ninayoipenda kuliko zote: pistoni zenyewe zinatuliza mtikisiko mkubwa wa injini, kwa hiyo hakuna haja ya shafti ya ziada ya kuituliza. Injini inabaki nyembamba, nyepesi, na inavuta kuanzia mizunguko ya chini. Ukiwa nyuma ya lori la Malawi linalopanda kwa mwendo wa kutembea, mvuto huo wa chini ndio unaokufaa. Farasi 70 zinapatikana kwenye mizunguko 9,000, na kati ya Uyole na Isyonje ni nadra kufika huko.

Kiwanda kilitoa mbili kwa pamoja, SV650 ya wazi na SV650S yenye kava nusu. Injini moja, fremu ya aluminiamu moja, tairi za vipimo vilevile: 120/60 mbele na 160/60 nyuma, zote za rimu ya inchi 17. Hilo ndilo lililotupa ujasiri. Hatukuwa tunabuni kitu. Tulikuwa tunairudisha S ifanane na ndugu yake.

Kazi yenyewe

Mtu akisema "vua kava" anafikiria spana ya kumi na nusu saa. Kufungua ndiyo sehemu rahisi. Kwenye S, kava limebeba taa, dashibodi, saitimira na indiketa, na nyuma yake kuna msitu wa waya ambao haukutarajiwa kuona mvua. Ukiondoa kava vyote hivyo vinakosa nyumba.

Taa tulifunga ya duara ya inchi 7, balbu ya H4, ikishikwa na vibanio viwili kwenye mabomba ya shokapu. Soketi za waya tulizisafisha, tukazipaka grisi ya silikoni, tukazipanga ndani ya bakuli la taa, mahali palepale pikipiki za zamani zilipoficha waya zake. Usiziache zining'inie nyuma ya taa zikiwa zimezungushiwa selotepu. Selotepu ikinywa maji haiyatoi, na kutu ya kijani itakula shaba kimyakimya mpaka siku taa itakapozimika gizani.

Usukani ulikuwa na mambo zaidi. Ule mfupi wa S unashika mabomba ya shokapu moja kwa moja. Usukani mpana unahitaji vibanio juu ya sahani ya juu ya shokapu, kile chuma bapa kinachounganisha mabomba yote mawili. Fundi wa kukereza alitutengenezea vibanio vya aluminiamu, tukatoboa sahani kwa vipimo na kukaza kwa bolti ngumu zenye nati za kujifunga. Usukani ukipanda na kupanuka, kila kinachotoka kwake kinakuwa kifupi: waya wa klachi, waya mbili za mafuta, mpira wa breki ya mbele. Vyote vilibadilishwa kwa virefu zaidi.

Hapa kuna vipimo viwili ambavyo mtu hapaswi kuviruka. Washa injini ikae sailensa, yaani ingurume taratibu bila kupewa mafuta, kisha zungusha usukani taratibu kutoka kulia kabisa hadi kushoto kabisa. Mlio ukipanda hata kidogo, waya wa mafuta unavutwa, na siku utakapokata kona kali pikipiki itajiongezea mafuta yenyewe. Cha pili ni mpira wa breki: inua pikipiki mpaka gurudumu la mbele lining'inie na shokapu zinyooke hadi mwisho, halafu zungusha tena usukani pande zote mbili. Mpira ukikaza mahali popote, ni mfupi. Wengi wanaupima pikipiki ikiwa imesimama chini, shokapu zikiwa zimebonyea, na hapo kila mpira utaonekana unatosha.

Mkao mpya ulibadilisha pikipiki kuliko nilivyotegemea. Uzito uliokuwa kwenye viganja ulihamia kwenye kiti, na usukani mpana unakupa nguvu ya kuigeuza kwenye mashimo bila kupigana nayo. Kipo kilichopotea pia. Ukifika kilomita 100 kwa saa upepo unakusukuma kifuani, na asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Uyole inakuingia moja kwa moja. Mwenyewe akanunua koti zito na glavu. Kwa njia zake, ambako vijiji na trafiki wenye tochi wanamrudisha kwenye 50 kila baada ya muda mfupi, upepo haukuwa tatizo.

Inakufa kwenye mvua

Mvua za kwanza zilipoanza akarudi na uso uliokunjamana. Akifika karibu na Kiwira mvua ikiwa kubwa, pikipiki inabadilisha mlio, inatetemeka, inakosa nguvu kabisa. Akisimama chini ya kibanda kwa muda, inapona. Akiendelea, inaumwa tena. Gereji nyingine ilikuwa imeshamwambia kifaa cha kuwashia kimekufa, kibadilishwe. Yeye alikuwa na hukumu yake: "Fundi, kava lilikuwa linaizuia mvua. Tumeivua, maji sasa yanaingia kwenye umeme."

Hoja yake ilikuwa na mantiki, na ilistahili kupimwa. Tuliiwasha, tukachukua chupa ya kupulizia maji ya kunyweshea miche, tukapuliza sehemu moja moja. Nyuma ya taa, hamna kitu. Swichi za usukani, hamna kitu. Koili, hamna kitu. Tukashuka mbele ya injini, nyuma ya gurudumu, na baada ya kupuliza kidogo tu mlio ukabadilika uleule alioueleza.

Ili kujua ni silinda ipi imelala, tulidondosha tone la maji kwenye kila bomba la ekzosi, pale linapotoka kwenye silinda. Bomba la silinda ya nyuma lilichemsha tone papo hapo. La mbele lililiacha litiririke. Silinda ya mbele ilikuwa haiwaki.

Kwenye injini ya V iliyolazwa kwa urefu wa pikipiki, silinda ya mbele inaelekea kwenye gurudumu, na plagi yake imekaa ndani ya shimo. Gurudumu linarusha maji kuelekea hukohuko. Wabunifu walilijua hilo, wakatoboa tundu dogo pembeni ya kichwa cha silinda ili maji yakiingia kwenye shimo la plagi yatoke. Tulipovuta kofia ya plagi, maji yalikuwa yamejaa kama kwenye kikombe. Tundu lilikuwa limezibwa na tope jekundu lililokauka likawa gumu kama tofali. Umeme ulikuwa unapita kwenye maji kwenda kwenye chuma badala ya kuruka kwenye plagi. Akisimama, joto la injini linakausha kiasi, silinda inaamka.

Kava nusu la S halishuki mpaka pale. Hata lingekuwepo, maji ya gurudumu yangefika vilevile. Kilichotokea ni kwamba aliivua kava kiangazi, akaendesha kwenye vumbi na matope machache, na mvua kubwa ya kwanza ikaja ikakuta tundu limeshaziba.

Dawa ilikuwa waya mwembamba wa kuzibulia tundu, plagi mpya, grisi ya silikoni ndani ya kofia ya plagi, na kipande cha mpira mgumu tulichokikata na kukifunga chini ya madigadi ya mbele ili maji yarushwe chini zaidi. Hakuna kifaa cha umeme kilichonunuliwa. Tumemfundisha kuzibua tundu hilo kila anapoiosha, na kwa mvua za Tukuyu, ambako kwa mwaka inanyesha zaidi ya milimita 2,000, ningemshauri hivyo mwenye injini yoyote ya V ya namna hii.

Hewa nyembamba na mzigo wa nyuma

Tukiwa tumeshaifungua tulitazama plagi zote mbili. Zilikuwa nyeusi, kavu, kama zimepakwa masizi. Hiyo ni alama ya mafuta mengi kuliko hewa, na Mbeya haishangazi. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapo ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na Dar es Salaam. Kabureta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba hewa haijapungua. Farasi 70 za kiwandani, hapa kwetu, ni kama 59.

Wapo mafundi wanaobadilisha jeti, kile kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, haraka kwa ajili hiyo. Kwa mteja huyu tulikataa, kwa sababu ya njia zake. Akitoka mjini anapanda hadi zaidi ya mita 2,000 karibu na Isyonje, kisha anateremka mpaka Kyela, takriban mita 500 tu, ambako hewa imerudi karibu yote. Jeti inayofaa Isyonje itamwacha Kyela na mchanganyiko mkavu, yaani petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, na mchanganyiko mkavu kwenye joto la Kyela unapasha injini kupita kiasi. Afadhali masizi kidogo kuliko pistoni iliyoungua. Tulisafisha chujio la hewa, ambalo lilikuwa limebanwa na vumbi la Chunya na lilikuwa linaongeza tatizo, tukasawazisha kabureta mbili zivute sawa, tukarekebisha sailensa. Nguvu iliyopotea tuliifidia kwa njia nyingine: sproketi ya mbele kutoka meno 15 kwenda 14. Kila gia inakuwa fupi kwa asilimia 7 hivi, mlima unapandika bila kushusha gia mara kwa mara, na mwendo wa juu unaopungua hauhitaji hata hivyo.

Kilichobaki kilikuwa mzigo. Nyuma anafunga katoni za dawa na mbegu, na kwa mkao mpya uzito wake mwenyewe umehamia huko huko. Nyuma ikibonyea, mbele inainuka: usukani unakuwa mlegevu, kwenye kona pikipiki inataka kutoka nje, na taa inawapiga madereva wa malori usoni. Shokapu ya nyuma ina ringi yenye ngazi, unaizungusha kwa spana ya ndoano. Mwenyewe hakuwa anajua kama ipo. Sasa ngazi moja ni ya kutembea mtupu, nyingine ya kubeba, na taa tuliipangia kwa ile ya kubeba.

Mbele ilikuwa inazama mno akifunga breki kwenye miteremko. Tulifunga kamba nyembamba ya plastiki kwenye bomba la shokapu, akaendesha, tukasoma imefika wapi: karibu mwisho. Tukaweka mafuta mazito zaidi na vipande vya bomba vya kukandamiza springi. Hilo limesaidia, ila niwe wazi, kukandamiza springi hakuifanyi iwe ngumu. Kunainua tu mahali inapoanzia. Springi ngumu zaidi ndiyo dawa kamili.

Ningenunua ipi leo

Swali hili wateja wanauliza kila wakiiona pikipiki hii imesimama nje. Suzuki haikukaa ilipokuwa. Mwaka 2003 SV650 ilipata injekta badala ya kabureta, na fremu mpya, na mfumo wa injekta unasoma mgandamizo wa hewa na kupunguza petroli wenyewe, kwa hiyo shida ya Isyonje na Kyela inakwisha bila fundi kugusa kitu. Mwaka 2004 injini ileile iliwekwa kwenye V-Strom 650, pikipiki ndefu ya safari. Kuanzia 2007 kila silinda ikawa na plagi mbili. Mwaka 2009 ikaja Gladius, na mwaka 2016 jina SV650 likarudi, likiwa na fremu ya mabomba ya chuma na umbo la kawaida la taa ya duara. Injini iliyochorwa miaka ya 1990 ikatumikia aina zote hizo.

Wakati huo Yamaha ilikuwa imefika kwa njia nyingine. MT-07 ya mwaka 2014 ina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, cc 689, na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya nyuzi 270 inayozifanya ziwake kwa mpishano uleule wa V ya nyuzi 90. Mvuto wa chini unabaki, lakini silinda zote mbili zinakaa pamoja, kichwa kimoja, injini fupi. Kutokana na injini hiyo Yamaha ikatengeneza XSR700, Tracer 700, na Ténéré 700 ya barabara za vumbi. Suzuki nayo mwaka 2023 ilitoa GSX-8S ya cc 776 kwa mpangilio huohuo wa nyuzi 270. Nikiangalia kisa chetu naelewa kwa nini: kichwa kimoja ni gharama ndogo, na hakuna silinda iliyokaa mbele peke yake ikipokea maji ya gurudumu.

Kwa mtu wa nyanda za juu mwenye bajeti ya pikipiki iliyotumika, chaguo langu ni SV650 ya wazi ya 2003 au baada ya hapo, yenye injekta. Usinunue S kwa nia ya kuja kuivua. Sahani ya shokapu, waya, mpira wa breki, taa na kazi ya kukereza, vyote hivyo ya wazi inakuja navyo tayari. Kuvua kuna maana pale kava limeshavunjika, kama ilivyokuwa kwa huyu kijana.

Yake inaendelea na kazi. Silinda ya mbele haijalala tena mvuani. Ameagiza springi ngumu za mbele, na zikifika tutatoa vile vipande vya bomba, tupime upya kwa kamba ileile, kisha tuamue kama shokapu ya nyuma nayo inahitaji kubadilishwa au ngazi za ringi zinamtosha.